Taa Tuliyoizima

Usharika wetu una gari moja. Ni mkonga wa dizeli wa silinda sita, uliokuja kwetu ukiwa umeshatumika kwingine kwa miaka mingi. Tangu ufike umebeba karibu kila kitu ambacho usharika wa milimani huhitaji kubebewa: watoto wa kipaimara, mabati, viti vya plastiki, magunia ya viazi na kabichi za mnada wa mavuno, wagonjwa wa usiku, na majeneza. Njia yake ya kila wiki ni ile inayopanda kutoka Mombo, kwenye barabara kuu, kupitia Soni hadi Lushoto. Ni kilomita kama 33 za kona na makorongo. Baada ya hapo kuna njia za udongo kwenda kwenye mitaa yetu sita.

Katika insha hii tunaandika "sisi" kwa makusudi. Mambo tunayoyasimulia yaliamuliwa na baraza la wazee, mchungaji akiwa mwenyekiti, na mkono ulioinuka kwanza kuunga mkono ulikuwa wa mchungaji. Hatuna mtu mmoja wa kumtupia lawama. Tungekuwa naye, pengine tungeshamtupia zamani, na insha hii isingekuwapo.

Mambo yalianza wakati wa mvua za vuli. Dereva wetu, mzee ambaye wote tunamwita Babu, alikuwa akirudi kutoka Mombo na mifuko ya saruji. Alisimama Soni kumshusha mama mmoja aliyemwomba lifti. Injini ilikuwa ya moto kwa sababu ya mlima. Gari likiwa limesimama, injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, taa nyekundu yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone ikaanza kupepesa. Babu alipokanyaga mafuta kidogo, ikazima. Alipoachia, ikapepesa tena.

Babu si mtu wa kubahatisha. Alizima injini, akasubiri oili ishuke chini, akachomoa kijiti cha kupimia na kukifuta, akakirudisha na kukichomoa tena. Oili ilikuwa kwenye alama yake. Jumamosi iliyofuata alikuja mbele ya baraza, kofia mkononi, akasema, "Mchungaji, wazee wangu, oili ipo ya kutosha. Presha ndiyo haipo."

Tulimuuliza, "Babu, kama oili ipo, tatizo liko wapi?"

Akajaribu kutueleza. Alisema oili kuwepo chini ya injini ni jambo moja, na oili kufika inakotakiwa ni jambo jingine. Hatukumsikiliza vizuri. Tulikuwa na ajenda ya mabati, ajenda ya kwaya, na ajenda kubwa kuliko zote ya ujio wa Mkuu wa Jimbo kwenye kipaimara wiki mbili mbele. Mzee mmoja akasema magari ya zamani taa zake huwa zinadanganya. Tukacheka, tukakubaliana naye. Mwingine akauliza itakuwaje Mkuu wa Jimbo atakapokaa kiti cha mbele na kuiona taa nyekundu ikimkonyeza njia nzima kutoka Mombo. Hapo hatukucheka. Tuliona aibu.

Ndipo tukamwagiza Babu auchomoe waya wa ile taa.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nitauchomoa, Mchungaji, kwa sababu mmeniagiza. Lakini injini haitajua kwamba nimeuchomoa."

Mkuu wa Jimbo alikuja, watoto wakabarikiwa, na taa haikuwaka. Tulimshukuru Mungu kwa safari njema.

*

Lipo jambo la pili, na hili ni gumu zaidi kuliandika.

Katika baraza letu alikuwemo mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu. Huyu alikuwa na tabia ya kuuliza. Taarifa ya fedha ikisomwa, anauliza. Taarifa ya kiroho ikisomwa na kusema hali ni nzuri, anauliza ni nzuri wapi. Katika kikao kimoja cha mwaka uleule alisimama na daftari lake. Alisema kwamba katika mtaa wetu wa juu kabisa, ule wa mwisho wa njia, kuna familia tatu ambazo hazijaonekana kwenye Meza ya Bwana kwa muda mrefu. Alisema mchungaji hajafika kule kwa miezi minane, naye ameihesabu. Alisema kuna mzee anaumwa kule na ameomba kuletewa Meza ya Bwana nyumbani.

Tulimjibu kwa sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli. Njia ilikuwa ya matope. Gari lilikuwa na ratiba. Ujenzi ulihitaji usimamizi. Mwinjilisti alikuwepo kule na alikuwa akifanya kazi nzuri. Hatukusema sababu iliyokuwa chini ya hizo zote: mtaa ule ulikuwa wa mwisho barabarani na wa mwisho katika taarifa ya mapato. Bahasha zake za ahadi zilikuwa chache na nyepesi. Hakuna kikao tulichowahi kuamua kuwaacha watu wale. Tuliwaacha bila kuamua.

Mama Mwalimu aliuliza tena kikao kilichofuata, na kilichofuata. Mwaka ulipoisha na majina ya wazee yakapangwa upya, jina lake halikuwemo. Hatukumfukuza, wala hatukumtukana. Tulisema mama ametumika sana, apumzike. Tukamwita mbele ya ibada, tukamvika kitenge, kwaya ikaimba, na mchungaji akatoa neno la shukrani zuri sana. Vikao vilivyofuata vilikuwa vifupi na vya amani.

Wakati ule hatukuona kwamba tulikuwa tumefanya jambo lile lile mara mbili.

*

Mwezi wa nne, masika yakiwa yameanza, zilikuja habari za msiba kutoka mtaa wa juu. Yule mzee aliyekuwa akiumwa alikuwa amelala katika Bwana.

Tulipakia watu tisa kwenye gari, tukaanza kupanda. Njia ilikuwa mbaya na Babu alikuwa akienda kwa gia ndogo. Tukiwa tumebakiza mwendo wa saa moja hivi kwa miguu, tuliona ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango unaogongwa mbali. Nasi tukasikia: ngo, ngo, ngo, kutoka chini ya boneti. Kabla hatujauliza alikuwa ameshavuta gari pembeni na kuzima injini. Baadaye fundi alituambia kwamba mkono ule ulioizima mara moja ndio uliookoa tulichobaki nacho. Babu hakuwa na taa ya kumwonya. Kwa miezi ile yote, alituambia, alikuwa akiendesha kwa masikio.

Tulitembea. Tulifika tumelowa, viatu mkononi, na tukakuta kaburi limekwisha kufukiwa. Mwinjilisti alikuwa ameongoza ibada, kwa kuwa mvua ilikuwa inatishia na watu walikuwa wamesubiri vya kutosha. Kwenye mkeka, katikati ya wanawake wafiwa, alikuwa amekaa Mama Mwalimu. Tulikuja kujua kwamba tangu tulipompumzisha alikuwa akipanda kule kwa miguu kila baada ya wiki mbili.

Mjane alitupokea kwa heshima kuliko tulivyostahili. Alitushika mikono, akatushukuru kwa kuja. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa tu: "Baba aliomba Meza ya Bwana mara mbili, Mchungaji. Mara ya pili alisema, basi, tusiwasumbue."

Wasomaji wetu mnajua utaratibu wa kanisa letu. Mwinjilisti aliweza kusoma Neno pale kitandani, aliweza kuomba, na alifanya hivyo kwa uaminifu. Lakini Sakramenti ilimhitaji mchungaji, na mchungaji alikuwa kilomita chache chini akisimamia mabati.

Tunajua kwamba wokovu wa yule mzee haukuning'inia kwenye gari letu. Kristo hakusubiri mkonga upande mlima ndipo amfikie mtu wake. Hilo tunaliamini na tulimwambia mjane. Lakini imani hiyo ni faraja kwa mjane. Kwetu sisi haikuwa ruhusa ya kulala usingizi.

*

Gari lilivutwa hadi kwa fundi. Hakuna aliyeliwasha njiani. Fundi ni kijana mpole, mkimya, mwenye daftari la mahesabu lenye alama za vidole vyeusi. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu mlio. Aliuliza, "Taa ya oili iliwaka lini mara ya kwanza?"

Tulitazamana. Babu akamjibu. Fundi akafungua boneti, akaufuata ule waya kwa kidole mpaka mwisho wake, akakuta tumeufunga na utepe mweusi. Hakusema neno. Tungependa angesema kitu.

Tulikaa kwake siku tatu, kwa zamu, na tulichojifunza kwenye benchi lile la mbao tunakisimulia kwa kirefu kidogo, kwa sababu kimetufundisha kuliko semina nyingi.

Fundi hakuanza kufungua injini. Alisema fundi anayekimbilia spana kubwa ni yule asiyejua anatafuta nini. Alianza na vitu vya bei ndogo. Alitazama kijiti: oili ilikuwa imepungua kidogo tu. Aliinusa, kwa sababu dizeli ikivuja na kuingia kwenye oili huifanya iwe nyepesi, na harufu yake haifichiki. Haikuwa na harufu hiyo. Aliisugua kwenye vidole na kuitazama rangi: oili iliyoingiwa na maji ya rejeta hugeuka kama chai ya maziwa. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa nyeusi, nzito kwa masizi, na ilikuwa imepitiliza sana muda wake wa kubadilishwa. Hapo tulikumbuka kwamba fedha ya kubadilisha oili tuliihamishia kwenye mabati.

Kisha alichukua filta ya zamani, akaikata kwa msumeno, akaikunjua karatasi yake juani. Ndani yake kulikuwa na chembe zinazometameta. Akasema, "Hizi ni beringi zenu."

Mzee yule aliyesema taa za magari ya zamani hudanganya alikuwepo siku hiyo. Aliuliza, kwa sauti ndogo, kama huenda tatizo likawa swichi ya taa tu. Fundi hakumdharau. Alisema ni kweli, swichi huharibika, na mara nyingine mtu hufumua injini nzima bure. "Ndiyo maana hatuiamini taa peke yake," alisema, "wala hatuibishii hivi hivi. Tunapima."

Aliweka oili mpya na filta mpya, akafungua ile swichi, akafunga mahali pake bomba jembamba lenye geji ya mshale. Injini ikawashwa ikiwa baridi, na mshale ukapanda vizuri hadi paundi 45. Tulifurahi. Mmoja wetu akasema, "Bwana asifiwe." Fundi akasema tusubiri ipate moto.

Tulisubiri. Kadiri injini ilivyopata moto, mshale ulianza kushuka. Oili huwa nzito ikiwa baridi na nyepesi ikiwa ya moto, kwa hiyo injini iliyochoka huweza kuonekana nzima asubuhi. Arobaini, thelathini, kumi na tano. Injini ikiwa ya moto na bila kukanyagwa, mshale ulisimama kwenye tano. Akakanyaga hadi mizunguko 2,000 kwa dakika, mshale ukapanda kwa uvivu, haukufika hata 15. Mafundi wengi wana kipimo cha makisio, paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000, nasi tulikuwa chini yake. Mlio ulipoanza kurudi, akazima.

"Taa yenu haikudanganya," alisema.

Tulimwomba basi atuwekee oili nzito zaidi, maana tulikuwa tumesikia inapandisha presha. Alikataa. Alisema itapandisha mshale, ndiyo, na tutaondoka tumefurahi. Lakini mwanya uliotanuka utabaki umetanuka. "Nitakuwa nimewarekebishia geji," alisema, "sijawarekebishia injini."

Ndipo akatueleza jambo ambalo Babu alijaribu kutueleza siku ile kwenye baraza. Sisi tulidhani pampu ndiyo inayotengeneza presha. Alisema pampu kazi yake ni kusukuma oili tu. Presha hutokea kwa sababu oili inayosukumwa inapita kwenye nafasi finyu, kati ya krenki na beringi, nafasi zenye upana kama wa unywele mmoja au chini yake. Ufinyu huo ndio unaoishikilia oili, na oili iliyoshikiliwa ndiyo inayoinyanyua chuma isigusane na chuma. Beringi zikilika, nafasi hutanuka, oili humwagika pembeni kirahisi na kurudi chini ilikotoka. Pampu inasukuma ile ile, oili ni ile ile, lakini haifiki. "Na sehemu iliyo mbali na pampu," alisema huku akifuta mikono, "ndiyo inayoanza kukauka."

Hakuwa anahubiri. Alikuwa anaeleza injini. Lakini pale benchini hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kwa maana na sisi tulikuwa na oili ya kutosha. Hazina ya usharika haikuwa tupu. Mahubiri yalikuwepo kila Jumapili, na kwaya nne, na Neno lililo kamili, na Sakramenti zote mbili. Vyote vilikuwepo hapa chini, penye kanisa kubwa. Havikuwa vinafika. Na mtu alipotuambia kwamba havifiki, tulimwonyesha kijiti: tazama, mama, oili ipo.

Siku ya pili alilishusha karai la chini. Chujio la kunyonyea oili lilikuwa limezibwa zaidi ya nusu kwa matope meusi na vipande vya gundi ya gasketi vilivyobaki kutoka kwenye matengenezo ya zamani. Valvu ya kupunguzia presha ilikuwa inacheza vizuri. Pampu aliipima, akasema bado inafaa. Alipofungua beringi za konrodi akazipanga juu ya gazeti, tuliona wenyewe: sehemu ya juu ya kijivu ilikuwa imelika, rangi ya shaba ikichungulia. Moja ilikuwa na mikwaruzo unayoweza kuihisi kwa ukucha. Krenki ilihitaji kupelekwa kuchongwa na kufungiwa beringi za saizi inayofuata.

Tuliuliza swali ambalo kila mtu huuliza akiwa amechelewa. Tungekuja siku ile taa ilipowaka, ingekuwaje?

Alifikiri. Hakutaka kutuumiza, wala hakutaka kusema uongo. "Pengine ningesafisha chujio na kubadili oili," alisema. "Labda na beringi. Krenki nadhani isingeguswa."

Gharama ilikuwa shilingi milioni tatu na ushee. Mabati yalisimama.

*

Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 22, iko habari ya mfalme Ahabu, aliyekuwa na manabii kama 400 wa kumwambia apande vitani atashinda. Alikuwepo na mmoja zaidi, Mikaya mwana wa Imla, lakini mfalme alikiri wazi kwamba anamchukia, kwa sababu hamtabirii mema. Mikaya aliposema kweli, alitiwa gerezani. Mfalme akaenda vitani akiwa amejibadilisha mavazi, na mshale wa mtu aliyevuta upinde kwa kubahatisha ukampata kwenye maungio ya mavazi yake ya chuma.

Tumeihubiri habari hiyo mara nyingi, na kila mara tulisimama upande wa Mikaya. Baada ya siku tatu gereji, tulijua kwamba sisi ndio tuliokuwa Ahabu, tena Ahabu mwenye adabu: Mikaya wetu tulimfunga kwa kitenge na wimbo wa kwaya. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humwumbua. Sisi tulificha geji.

Wanafunzi wetu wa kipaimara huanza Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, kwa Amri Kumi, kisha Imani, kisha Sala ya Bwana. Chuoni tulifundishwa sababu ya mpangilio huo, na Luther mwenyewe aliueleza kwa mfano wa mgonjwa: kwanza ajue ugonjwa wake, kisha ajue dawa iko wapi, kisha ajue jinsi ya kuiomba. Tulijibu swali hilo vizuri kwenye mtihani. Hatukujua kwamba miaka ishirini baadaye tungelirudia mbele ya geji ya mshale.

Sheria ya Mungu ni kipimo. Haiongezi hata paundi moja ya presha. Unaweza kukaa mbele ya geji mwaka mzima ukiitazama, mshale hautapanda kwa kutazamwa. Kwa hiyo wanaodhani kwamba kanisa litapona kwa kukemewa tu wamekosea, na wapo. Lakini sisi tulikosea upande wa pili. Tulidhani kwamba kwa kuwa tunahubiri neema, kipimo hakina kazi tena, na kila anayepima anatuvunja moyo. Neema ya namna hiyo ni oili nzito: hupandisha mshale, mwanya ukabaki pale pale. Injili yenyewe hufanya kazi ya kushusha karai na kutoa kilicholika. Msalaba ni mahali ambapo Mungu alipima kweli, hakuficha namba, na gharama akaibeba yeye mwenyewe. Ndiyo maana mtu wa Kristo anaweza kuthubutu kuisoma geji. Hana sababu ya kuogopa jibu, kwa kuwa jibu la mwisho limekwisha kutolewa.

*

Jumapili iliyofuata, wakati wa maungamo, mchungaji alishuka madhabahuni na kusimama pamoja na wazee upande wa washarika. Tulisema mbele ya watu wote tulichokifanya, kuhusu waya na kuhusu mama. Hatukutaja njia ya matope.

Kisha tulikwenda nyumbani kwa Mama Mwalimu. Tulikuwa tumeandaa maneno. Alitukaribisha, akatupikia chai, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Waya wa gari mmeurudisha?"

Tukasema ndiyo, mama.

"Na ule mtaa wa juu mtakwenda lini?"

Tulimwomba arudi barazani. Alikataa, alisema miguu yake sasa imeshazoea mlima, vikao vitamchosha. Aliomba jambo moja tu: kila kikao kianze na taarifa ya mtaa ulio mbali kuliko wote, kabla ya fedha na kabla ya ujenzi. Tumefanya hivyo tangu siku hiyo. Ni taarifa ngumu kuisikia. Mara nyingi haina habari njema, na kuna siku ambazo tunatamani mwinjilisti wa kule angeifupisha.

Familia mbili kati ya zile tatu zimerudi kwenye Meza ya Bwana. Ya tatu haijarudi. Tumekwenda mara nne. Tunakaribishwa, tunapewa kiti, tunasali, na tunaondoka. Mjane wa yule mzee hupokea Sakramenti nyumbani kwake, na kila mara tunapomimina divai pale tunakumbuka ni nani hakuipata. Jambo hilo haliwezi kutengenezwa. Limesamehewa, lakini halijatengenezwa, na tumejifunza kwamba hayo ni mambo mawili.

Gari linapanda. Geji ya mshale tuliiacha palepale, imefungwa chini ya dashibodi, na Mkuu wa Jimbo alipokuja tena aliuliza ni ya nini. Babu alimsimulia habari yote kuanzia Mombo mpaka Soni.

Babu pia alituonyesha kitu tulichokuwa hatujakijua miaka yote. Asubuhi, ukizungusha ufunguo kabla injini haijawaka, ile taa nyekundu lazima iwake kwanza. Gari linajipima: linaonyesha kwamba taa inaweza kusema. Injini ikishika na presha ikapanda, taa inazima yenyewe. Kwa miezi ile yote baada ya kuchomoa waya, kila asubuhi Babu alizungusha ufunguo na taa haikuwaka. Sisi tuliokuwa tumekaa pembeni yake tuliona giza lile tukadhani ni amani.

Sasa tukipanda gari tunaingoja iwake. Na tunapoanza ibada kwa maungamo, kabla ya wimbo wa sifa, tunajua tunachokifanya.

Ee Bwana, utupe watu watakaotuambia kweli, na utupe moyo wa kutowanyamazisha. Neno lako lifike hata kwa walio mbali na pampu. Na pale tulipochelewa, utuhurumie. Amina.